Mtu Asiye na Foleni

Manong Delfin alikuwa akitoka nyumbani kwetu kinyumenyume. Kila alfajiri, kabla majogoo wa jirani hawajaamka vizuri, alifungua mlango wa jikoni, akachukua fagio la chelewa lililoegemezwa kwenye tangi la maji, akainama na kuanza kufagia mchanga wa uani huku akirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mwanya wa ua wa mianzi. Akifika hapo alilirusha fagio ndani taratibu lisipige kelele, akaenda zake pwani kwenye kibanda chake cha chumvi. Nyuma yake uwanja ulibaki na mistari mizuri kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Ungeutazama ungesema nyumba hii wanalala wanawake peke yao.

Wanawake wenyewe tulikuwa wawili: Manang Pitang, ambaye kwenye karatasi ni Teofista, na mimi. Kwetu manang ni dada mkubwa na manong ni kaka mkubwa. Kila mtu hapa Nagsabaran, mtaa wa pwani mbali na Manila, aliwaita hivyo, nami nikawaita hivyo hivyo, ingawa mmoja ni mama yangu na mwingine ni baba yangu. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa mama ni Ursula, binamu yake Manang anayeuza vitambaa Batac, na mahali pa baba pamechorwa mstari. Shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo. Kila mwaka walimu walimtaka mama aliyeandikwa, na Ursula alichoka kulipa nauli.

Yote hayo yalitokana na foleni.

Foleni yenyewe, ya viza za Amerika, huwezi kuiona. Haina watu waliosimama, haina kamba wala mlinzi. Ina tarehe tu. Babu yangu, Apo Leoncio, maana kwetu apo ni mzee wa kuheshimiwa, alivutwa Hawaii na dada yake, naye alikaa kwenye foleni ya ndugu mpaka kichwa kikawa cheupe. Jina lilipoitwa alikwenda na Apo Marcelina, mkewe, na mtoto wao wa mwisho. Manang Pitang alikuwa amevuka miaka ishirini na mmoja, na kwa Wamarekani aliyevuka hapo si mtoto tena, hata kama mama yake bado anamchapa kwa kandambili. Akaachwa alinde nyumba. Babu alipokwisha kupata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kule, akamwombea kwenye foleni nyingine, ya watoto wakubwa wa wenye kadi, wasio na ndoa. Siku ile maombi yalipopokelewa ndiyo ikawa tarehe yake Manang, kama vile amezaliwa mara ya pili.

Kila mwezi linatoka tangazo: sasa tumefika tarehe fulani. Tarehe yako ikiwa ya zamani kuliko hiyo, unaitwa. Ikiwa bado, unakaa. Kila nchi ina kipimo chake cha viza, na sisi tunaotaka kwenda ni wengi kuliko kipimo, ndiyo maana foleni yetu ni ndefu kuliko za wenzetu. Kuna miezi tarehe inatembea kidogo. Kuna miezi inalala kama nyati kwenye matope. Na kuna miezi inarudi nyuma. Hapo ndipo wanawake wa mtaani hukaa kimya kwenye mlango wa kanisa, bila hata kusengenyana.

Wasio na ndoa. Hilo ndilo neno lililotupangia maisha. Baba mwenye kadi tu, binti yake akiolewa, hata ndoa ya asubuhi ikavunjika jioni, foleni yake inakufa palepale. Hakuna foleni nyingine ya kumpokea. Kila mtu kwetu anamjua mtu aliyefunga ndoa ya siri mkoa wa mbali, akadhani bahari itamfichia, kumbe daftari la ndoa la serikali ni moja. Kwa hiyo watu hawafungi ndoa. Wanakaa pamoja kimyakimya wakisubiri. Manang aliogopa zaidi ya wote, akaficha na kule kukaa pamoja. Alimficha mwanamume, kisha akamficha mtoto. Hakumuuliza mtu wa ubalozi kama ni lazima. Alimuuliza Conching muuza samaki, ambaye wifi yake alinyimwa viza, na Conching akasema, "Wanakuja, Manang. Wanauliza majirani. Wanatazama mpaka kamba yako ya nguo." Tangu hapo shati la Manong Delfin halikuanikwa uani kwetu hata siku moja.

Manong alikuwa mpika chumvi. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nyusi zimeungua kwa moto mpaka zikabaki vipande. Kiangazi alikwangua mchanga wa pwani uliokauka na kung'aa, akauchuja kwa maji ya bahari, akayachemsha yale maji kwenye karai pana la bati juu ya moto wa maganda ya mpunga. Kazi ile haitaki haraka. Ukizidisha moto chumvi inatoka chungu na nyeusi. Ukipunguza, unakesha bure. Alijua kusubiri kuliko mtu yeyote mtaani, na watu hawakuacha kumkumbusha.

"Manong Delfin," Conching aliita siku moja, akiteremsha beseni lake kwenye kibanda. "Harusi lini?"

"Amerika ikishiba."

"Haishibi hiyo. Basi mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe zimeanguka, Conching. Zimeliwa na kuku."

Wanunuzi wengine wakacheka. Mmoja, mzee mwenye mkongojo, akasema kwamba yeye angekuwa Delfin angetafuta mke wa hapahapa asiye na safari.

"Wako wapi?" Manong aliuliza. "Nitajie mmoja asiye na tarehe. Muuza nyama ana tarehe, sakristani ana tarehe, mama yako, Apo, ana miaka tisini na ana tarehe. Hapa mtu asiye na foleni ni mimi peke yangu. Mimi nasubiri nje ya foleni."

"Na nyayo unafagia," Conching alisema akichota chumvi. "Nakusikia kila alfajiri, krr, krr. Nyayo sawa. Na pua ya huyu mtoto utaifagia vipi?"

Kila mtu alinitazama pua. Manong alipuliza moto kwa muda mrefu, mpaka moshi ukawafukuza wote.

Watu walijua. Sijui kwa nini Manang aliona wale wa ubalozi tu ndio wenye macho. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulishirikiana naye kutojua, kwa sababu nusu yao walikuwa na siri ya namna hiyohiyo uani kwao.

Manong alifuga nguruwe wa harusi. Wa kwanza alinona mpaka akashindwa kusimama, kisha kikaja kimbunga kilichong'oa paa la kanisa, na watu waliolala shuleni wakalishwa nyama yake. Wa pili aliliwa kwenye msiba wa mama yake Manong. Siku hiyo Manang alikaa mstari wa nyuma pamoja na majirani, kitambaa cheusi kwenye mkoba, hakukifunga kichwani, kwa sababu kitambaa kile kwetu hufungwa na mabinti na wakwe wa marehemu. Nilimwona Manong akigeuka mara kwa mara kumtafuta. Manang alikuwa akitazama mshumaa.

Mwaka juzi, sikukuu ya kusafisha makaburi ilipokaribia, Apo Leoncio alikuja kutoka Waipahu, kule Hawaii, na maboksi yake ya sabuni, nyama ya kopo na viatu vyeupe. Alikuwa amekonda. Alikaa barazani akitazama shamba la vitunguu saumu kama mtu anayetazama picha. Manong akaja kupitia lango la mbele, akibeba mfuko wa chumvi, kama jirani.

"Apo," alisema akikaa kwenye ngazi, si kwenye kiti. "Naomba nikuulize jambo."

"Uliza."

"Mbona huchukui uraia? Miaka yako imetimia zamani. Raia mwanawe anaweza kuolewa na bado akabaki kwenye foleni."

Babu alicheka kidogo, bila meno. "Umeambiwa na nani?"

"Nimesikia."

"Umesikia nusu. Kweli, anabaki kwenye foleni. Ila si hii. Anahamia foleni ya watoto walioolewa. Unajua wale sasa wanawaita wa lini? Wa zaidi ya miaka ishirini nyuma. Binti wa mwenzangu Eusebio alipoitwa alisindikizwa na wajukuu wake. Na hata asipoolewa, nikiwa raia anahesabiwa upande mwingine, na kuna miaka upande ule ulikuwa unatambaa kuliko huu. Wenzangu walikimbilia uraia wakidhani wanawasaidia watoto, wakawarudisha nyuma. Mimi nimeambiwa kaa na kadi yako, usiguse kitu, kama mtu aliyebeba mayai."

"Kwa hiyo hakuna foleni yenye mimi ndani."

"Kuna moja. Aende peke yake, apate kadi, arudi muoane, akuombee. Wake na waume wa wenye kadi hawakai sana."

"Sana ni kiasi gani?"

"Miaka michache."

Manong aliokota kokoto akaisugua kwa kidole gumba. "Au asiende," alisema. "Aolewe, abaki."

Babu hakukasirika. Alivua kofia akaiweka gotini. "Delfin, mimi nafua mashuka ya watalii. Mgongo wangu umekwisha. Ningekuwa nimerudi zamani nilale hapa, nife hapa. Nikirudi na kukaa, kadi inapotea, na jina lake linapotea nayo. Nakaa kule kwa ajili ya jina lake. Basi muulize mwenyewe kama abaki."

Manang alikuwa akitoka na kahawa. Alisikia, maana mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nyuma yake na sukari, nikasikia kila neno. Aliweka vikombe mezani kimoja kimoja. Wote wawili walimtazama.

"Kahawa ina moto," alisema. "Kunyweni polepole."

Akarudi jikoni. Manong aliinywa yote, akashukuru, akaaga kama jirani.

Tarehe ikafika mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyemsomea Manang tangazo kwenye simu, maana yeye hakuyaamini macho yake. Nilisoma, akaniambia nisome tena, nikasoma. Alikaa sakafuni palepale alipokuwa akisuka vitunguu saumu, mafungu yamemzunguka, akawa anapangusa mikono kwenye sketi ingawa mikono haikuwa na kitu. Manong alipoambiwa, alimchinja nguruwe wa tatu kwa mkono wake, akagawa nyama mtaa mzima, na kila aliyemuuliza hii ni ya nini alijibiwa, "Ya jirani yangu. Ameitwa."

Miezi ilipita kwenye kukusanya karatasi. Manang alikwenda Manila peke yake, kwanza kwa vipimo, kisha kwa mahojiano. Alirudi siku ya mvua, mchana, viatu mkononi. Manong alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu, kwa sababu mvua ikinyesha chumvi haipikwi na mvua ile ilikuwa kubwa, hakuna mpita njia wa kumwona.

"Umepata?" aliuliza bila kuinuka.

"Nimepata. Pasipoti wataituma."

"Mbona umekuja na uso wa msiba?"

Manang alikaa mbele yake, maji yakimtiririka. Alinitazama, nikadhani ataniambia nitoke, hakuniambia. "Daktari aliliona kovu," alisema. "La kujifungua kwa kupasuliwa. Nilisema ni la uvimbe. Akaandika tu. Siku ya mahojiano yule ofisa dirishani akaniuliza, kwenye fomu umesema hujazaa, daktari ameandika hivi, tuelewe nini? Nikaona nikidanganya tena watanifungia maisha. Nikasema ninaye binti."

"Akasemaje?"

"Akasema, mbona hukuja naye."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Manong aliacha kumenya.

"Rudia," alisema.

"Akasema mtoto si kosa. Hata kama sijaolewa. Angekuwa kwenye maombi haya haya, angepata viza na mimi, kama cheti chake kingekuwa na jina langu. Sasa cheti kina mama mwingine. Akasema twende mahakamani tukirekebishe, tupime damu, kisha anaweza kunifuata, awe hajavuka ishirini na mmoja na awe hajaolewa."

"Hajaolewa," Manong alirudia, akanitazama, kisha akatazama kisu.

"Mahakama yetu unaijua," Manang alisema. "Miaka."

"Na mimi? Kulala kwangu hapa?"

Manang alisogeza ganda moja mezani kwa kidole. "Nilimuuliza. Nilikuwa nimekwisha kusema yote, nikasema na hilo. Akasema wao wanachouliza ni ndoa. Cheti cha ndoa. Mengine ni maisha ya mtu."

Manong alicheka. Hakikuwa kicheko cha uchungu hata kidogo, kilikuwa kicheko chake cha kibandani, cha mtu aliyesikia hadithi nzuri ya mjinga. "Kwa hiyo ningeweza kukaa pale barazani," alisema. "Na kikombe. Nimenyoosha miguu. Conching anapita, namwambia habari za asubuhi."

"Delfin."

"Na huyu angeniita baba sokoni."

"Tungejuaje? Kila mtu alisema."

"Kila mtu ni Conching."

Manang aliinamisha kichwa mezani katikati ya maganda, mabega yakitikisika. Manong alinyoosha mkono akamwekea mgongoni. Alikaa hivyo mpaka mvua ikapungua na sauti za watu zikaanza kusikika njiani, na waliposikika, Manang ndiye aliyeinua kichwa kwanza na kusema, "Toka kwa nyuma."

Akatoka kwa nyuma.

Wiki zile za mwisho Manong hakudai kitu. Alileta kuni, alitengeneza bomba, alimpeleka kuku wa kutaga kwa Ursula. Siku moja tu, Manang alipokuwa akikunja nguo za safari, alisimama mlangoni mwa chumba.

"Nakuomba kitu kimoja, Pitang."

"Sema."

"Najua ndoa haiwezekani mpaka ukanyage kule. Sitaki cheti, nitasubiri cheti. Nataka neno. Jumapili, kwenye chakula cha kuagana, watu wote wakiwepo, sema huyu Delfin ni mwanamume wangu na baba wa mwanangu. Basi. Neno halina muhuri. Wewe mwenyewe umesema wanauliza cheti tu."

Manang aliendelea kukunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nitasema," alijibu.

"Usiseme kunifurahisha."

"Nimesema nitasema."

Akaondoka akipiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi nyumbani kwetu.

Apo Marcelina alikuja kumchukua binti yake. Babu hakuweza, mgongo. Jumapili turubai kubwa lilitundikwa langoni lenye uso wa Manang na maneno ya kumtakia safari njema, meza zikapangwa kutoka barazani mpaka njiani, mashine ya kuimbia ikakodiwa. Manong alipika tangu asubuhi. Alivaa shati jipya la bluu, lenye mikunjo ya dukani bado, akalifunika kwa aproni ili lisichafuke, na kila mara alipogeuza nyama kwenye mafuta alirudi nyuma hatua mbili kulilinda. Conching alimwona.

"Umependeza, Manong. Kuna mtu anaolewa?"

"Kula unyamaze."

"Nanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii, leo nitashindwa?"

Watu walipokwisha kushiba, shangazi mmoja aliyekuja na Apo Marcelina kutoka Waipahu, mwanamke mwenye miwani ya dhahabu, alimgusa Manang kiunoni akasema kwa sauti, "Na huyu bado mbichi. Kule wajane wamejaa, vijana wetu wa hukuhuku, raia kabisa. Mwaka hautaisha."

Meza ikacheka. Manang naye akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa adabu, kama alivyocheka kila mara alipoulizwa habari za mume. Mimi nilikuwa nikikusanya sahani. Nilitazama upande wa majiko. Manong alikuwa ameshika upawa juu, mafuta yakidondoka.

Apo Marcelina akachukua kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mumewe aliyevunjika mgongo kwa ajili ya siku hii, akamshukuru padri, akamshukuru Ursula kwa kumleta mtoto mzuri kama mimi kumsaidia binti yake kazi. "Na Delfin," alisema, akimtafuta kwa macho. "Jirani yetu mwema. Ametutunzia nyumba kama yake."

Watu walitazama sahani zao. Conching alikohoa. Manong alikuwa amekwisha kuvua aproni, ameikunja, ameishika. Shati lilikuwa safi.

Manang akapewa kipaza sauti. Alisimama kwenye kivuli cha lile turubai, akashukuru wazazi, akashukuru kanisa. Sauti ilikuwa ikitetemeka na watu wakadhani ni furaha. Akamtazama Manong, moja kwa moja, muda ambao kila mtu aliuona. Akafungua mdomo. Mama yake alikuwa ameshika mkoba wenye pasipoti mapajani, mikono yote miwili juu yake, na Manang akautazama ule mkoba.

"Na majirani wote," alisema. "Nawashukuru majirani wote."

Mashine ya kuimbia ikawashwa.

Manong aliweka aproni kwenye kiti. Aliosha mikono kwenye ndoo, akaikausha kidole kwa kidole, polepole. Kisha akapita katikati ya meza, akiomba njia, samahani, samahani Apo, akatoka kwa lango la mbele. Manang alimwona. Alikuwa amezungukwa na watu wanaombusu.

Nilimfuata na sahani bado mkononi. Nilimfikia kwenye kona ya kikanisa.

"Unakwenda wapi?"

Hakusimama. "Rudi. Nyama ya mwisho itaungua, mwambie Conching aigeuze."

"Utarudi saa ngapi?"

"Wewe una jina la kutengeneza mahakamani," alisema. "Lisimamie. Usimwachie mtu mwingine."

Barabara kuu ilikuwa tupu na jua limeipiga. Alitembea ukingoni, upande wa mabasi ya kwenda mji wa Laoag, mikono mitupu. Basi likaja, akalinyooshea mkono, likasimama kidogo tu, likaondoka. Nilibaki pale mpaka sahani ikaanza kunichoma kwa jua.

Manang aliondoka Alhamisi. Asubuhi ile alikataa kupanda gari, akitazama barabara aliyoondokea Manong, mpaka dereva akaanza kupiga honi. Kuna mtu alisema Manong ameonekana Pangasinan kwenye mashamba ya chumvi, mwingine akasema Cagayan. Nilikwenda kibandani kwake mara nyingi. Karai lilichukuliwa na binamu yake, majivu yakachukuliwa na upepo. Hakurudi.